Kijiko cha Asubuhi

SHATHA: Haloo? Nani mwenzangu? Sauti inakatika.

BI TURKIYA: Mama yako mkubwa, Turkiya. Kwani sisi wa Jalan umeshatufuta katika simu yako?

SHATHA: Shikamoo, mama mkubwa. Nimebadilisha simu, namba zote zimepotea.

BI TURKIYA: Marahaba, mwanangu. Majina ya dawa hayapotei. Tunapotea sisi tu.

SHATHA: (Anacheka.) Nisamehe. Hamjambo huko? Hamed, Fatma? Aseel hajambo?

BI TURKIYA: Hatujambo, alhamdulillahi. Uko Nizwa, kazini?

SHATHA: Nipo duka la dawa, na watu wamejaa. Sema tu, nakusikia.

BI TURKIYA: Swali dogo. Habasoda— (mkwaruzo) —na dawa ya kifafa, zinagombana?

SHATHA: Rudia.

BI TURKIYA: Mafuta ya habasoda. Kijiko kimoja na asali asubuhi, kama mlivyonyweshwa nyote mlipokuwa wadogo.

SHATHA: Kijiko kimoja hakina neno kubwa. Nani kanywa? Aseel?

BI TURKIYA: Tuseme mtoto yeyote.

SHATHA: Na huyo mtoto yeyote ana nini?

BI TURKIYA: Amelala.

SHATHA: Adhuhuri imeshapita.

BI TURKIYA: Ndiyo maana nakuuliza.

SHATHA: Ukimwita, anaitika?

BI TURKIYA: Anafungua macho, halafu yanajifunga. Asubuhi alikuwa akicheka, na hapakuwa na la kuchekesha. Akayumba mlangoni. Sasa ukimwinua, mkono unaanguka wenyewe. Lakini anapumua! Usinitishe!

SHATHA: Bado sijakutisha. Mama mkubwa, habasoda hailevyi. Chupa hiyo ina nini?

BI TURKIYA: Ngoja nifunge mlango. Kaka yako Hamed alipompeleka binti yake Bangkok kutibiwa, alirudi na mafuta. Kule yanauzwa dukani, peupe, na wauzaji wamevaa makoti meupe kama lako.

SHATHA: Mafuta ya nini?

BI TURKIYA: Ya mmea.

SHATHA: Ya bangi?

BI TURKIYA: Shatha! Usilitaje hilo katika simu! Hamed ana kazi ya serikali, wallahi—

SHATHA: Basi, nitasema mafuta. Yameingiaje katika chupa ya habasoda?

BI TURKIYA: Nimeyamimina mie. Chupa yao ilikuwa na picha ya jani. Nyumba hii haikosi wageni wa kahawa, na kila mmoja anajifungulia makabati kama kwake. Nani atashuku habasoda? Hamed humtilia mtoto tone chini ya ulimi, Fatma akiwa anasali.

SHATHA: Mama wa mtoto hajui?

BI TURKIYA: Angekataa. Unamjua Fatma.

SHATHA: Na leo?

BI TURKIYA: Hamed yuko Tiwi kikazi. Habasoda yetu ilikwisha. Fatma akatafuta, akaikuta ile chupa nyuma ya kabati. Akampa mtoto kijiko kizima, kisha dawa ya hospitali juu yake.

SHATHA: Hakuisikia harufu?

BI TURKIYA: Ana mafua, maskini.

SHATHA: Ya Rabbi.

BI TURKIYA: Mie ndiye wa kusema ya Rabbi, wewe ndiye mfamasia! Mbona mwenye duka alimweleza Hamed vizuri? Vitu vyote vya mmea ule hufanya kazi pamoja. Ukikitenga kimoja, kinapungua nguvu. Nililielewa mara moja. Ni kama bukhuri: udi mkavu peke yake si kitu, mpaka uutie miski, sandali, marashi—

SHATHA: Bukhuri haipiti katika ini la mtoto. Nisikilize. Mafuta hayo yana kitu kinacholevya, na kingine kisicholevya, na vingine vidogo vidogo vinavyotoa harufu. Wapo watafiti wanaoamini kwamba vinasaidiana. Wengine hawajakubali. Lakini kile kisicholevya hulizuia ini lisiivunje dawa ya Aseel, hii aliyoandikiwa. Dawa inabaki mwilini, inajilimbikiza. Kinacholevya nacho kinamzidishia usingizi. Leo vyote vimemvuta upande mmoja.

BI TURKIYA: Lakini matone yalimfaa! Tangu ayaanze hajaanguka skuli hata—

SHATHA: Huenda yalimfaa. Au huenda yaliiongeza nguvu dawa ya hospitali, na hiyo ndiyo iliyomfaa. Hatuwezi kujua, kwa sababu daktari wake hakuambiwa. Sasa mlaze ubavu. Usimpe kitu kinywani. Usimtapishe. Apelekwe hospitali sasa hivi, pamoja na chupa.

BI TURKIYA: Na chupa?

SHATHA: Na chupa.

BI TURKIYA: Niambie kwanza kitu cha kumpa. Ndimu? Kahawa chungu?

SHATHA: Hakuna.

BI TURKIYA: Basi nitasema habasoda. Fatma mwenyewe anajua ni habasoda, hatakuwa amesema uongo.

SHATHA: Watahangaika na sababu isiyokuwepo. Wanaweza kudhani ni kifafa, wakamzidishia dawa za namna ile ile. Hizo ndizo zinazoweza kumkata pumzi.

BI TURKIYA: (Mkwaruzo.) —atafungwa.

SHATHA: Sijakusikia.

BI TURKIYA: Hamed. Watamfunga?

SHATHA: Sijui, mama mkubwa.

BI TURKIYA: Ungesema hawamfungi, ningekuamini.

SHATHA: Ndiyo maana sijasema.

BI TURKIYA: Nitasema nimeyaleta mie. Bangkok nami nilikwenda, kutibiwa magoti yangu.

SHATHA: Hayo ni ya baadaye. Daktari atataka kujua amekunywa nini, kiasi gani, na lini. Gari lipo?

BI TURKIYA: La Fatma. Yuko jikoni anamchemshia uji. Anadhani ni homa.

SHATHA: Asiendeshe yeye. Mwite jirani.

BI TURKIYA: Khalaf? Khalaf na Hamed ofisi yao moja, meza zimegusana!

SHATHA: Gari lake liko nje?

BI TURKIYA: Shatha, mwanangu—

SHATHA: Liko nje?

BI TURKIYA: Liko.

SHATHA: Mtazame mtoto. Anapumuaje?

BI TURKIYA: Ngoja. Aseel. Aseel, kipenzi, fungua macho, ni bibi yako. Aseel! Safari hii hafungui.

SHATHA: Nenda! Usinisubiri, nenda!

BI TURKIYA: Khalaf! Ya Khalaf! Leta gari mlangoni! Fatma, zima jiko, mbebe mtoto! Si homa, mwanangu, si homa. Utakaa nyuma na mie. Usiniulize mbele ya... Hapana. Niulize. Mbele ya Khalaf, mbele ya daktari, popote. Nitakujibu. Haya, Shatha, tuombee, naikata si—

SHATHA: Mama mkubwa? Haloo?