Nguzo Nne Juu ya Uso wa Mwalimu Obeid

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Eveline, mdogo wake marehemu. Nimeombwa nisome maisha yake.

Mwalimu Obeid Kihwele alizaliwa Nyololo tarehe 9 Agosti 1966, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Isaka na Mama Esta, ambaye tunaye hapa. Alisoma shule ya msingi hapohapo Nyololo, akamaliza 1981. Mwaka 1987 aliajiriwa kiwanda cha karatasi Mgololo. Alifunga ndoa na Benedicta tarehe 4 Desemba 1993. Baadaye walihamia Soweto, Mbeya, akawa anafundisha shule ya Jumapili.

Huko ndiko alikojulikana kwa sarafu. Mchungaji mmoja alikwenda kuhiji Yerusalemu, akamletea sarafu ya Wayahudi wa kale, ya kuigiza tu. Watoto wakamwuliza, "Mwalimu, inanunua pipi?"

"Hainunui hata kiberiti. Hii inahubiri."

Aliwaeleza kwamba hela ya Warumi ilikuwa na uso wa Kaisari, kwa hiyo ukienda sokoni unambeba mfukoni, utake usitake. Wayahudi walipoasi walizichukua hela zilezile wakazigonga upya: juu ya uso wakaweka hekalu la nguzo nne, na maneno ya uhuru wa Yerusalemu. Hekalu lenyewe lilikuwa limeshabomolewa zamani. Basi watoto wakachonga mihuri ya hekalu kwa viazi, wakarudi makwao na wino hadi masikioni.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2023. Wodini alituambia, "Kwenye ratiba ya mazishi yangu msiweke uso. Wekeni hekalu. Mimi siyo Kaisari."

Mama akasema, "Sasa mimi nitakuangalia wapi, baba?"

Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Kule steshenari wamezoea picha, wakachapa picha. Nakala mia tatu. Jana mchana binti yake Happy alikata kiazi, akachonga nguzo nne, tukakaa tunagonga moja moja juu ya uso. Sikulia. Nilikuwa nagonga tu.

Ameacha mjane Benedicta, binti mmoja Happy, Mama, na mimi.

Wino wenyewe ni mwepesi. Ukiinua ratiba uliyoshika kwenye mwanga, macho yake yanaonekana katikati ya nguzo. Mama ameyaona. Amesema, "Haya, yumo ndani."

Mwalimu Obeid apumzike humo, kwa amani ya Bwana.