Risala ya Walioandika "Kwa Sababu Zangu Binafsi"

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kuwabara, Mkuu wa Ofisi ya Ajira ya Wilaya; mwenyekiti wa mtaa; na majirani zetu:

Sisi ishirini na mmoja tuliokuwa kwenye kiwanda cha vifuniko vya masanduku ya chakula, hapa Minasawa, tunakukaribisha. Chai ya shayiri ipo, na wali wa kufinyanga tumeuandaa asubuhi hii, kwa hiyo usituone wanyonge kupita kiasi. Anayesoma ni Bwana Noboru Muneoka, aliyekuwa msimamizi wetu wa zamu. Sauti yake ikikatika, mvumilieni. Hakutaka kusoma; sisi ndio tuliomng'ang'ania.

TULIKOTOKA

Mwezi wa pili mashine zilipakiwa kwenye malori. Kesho yake Bwana Muneoka alitupitia mmoja mmoja na barua ya mfano aliyoiandika kwa mkono wake, kama ofisi ya kiwanda ilivyomwagiza. Ilisema tunaacha kazi kwa sababu zetu binafsi. Tukamuuliza, mbona wanaotuondoa ni wao? Akainama mpaka kofia ikamdondoka.

"Jamani, barua ya kuaga ndivyo inavyoandikwa," alisema. "Ni adabu tu, haina madhara."

Na kweli, kwetu hapa hata baba zetu waliaga kwa maneno hayo hayo. Bi. Chizuko Orihara wa meza ya ukaguzi alirudia yake mara nne kwa kuwa mwandiko haukumpendeza.

TULIYOYAWEZA

Ni machache, lakini tuyaseme. Tumejifunza kujaza fomu zako. Kila Jumanne tunakutana hapa ukumbini kusomeana barua za serikali, maana ukiisoma peke yako unaweza kuzimia. Wanne wamepata vibarua.

YANAYOTUNYIMA RAHA

Dirishani kwako Bi. Orihara aliambiwa kuwa ameacha kazi kwa hiari. Mtu wa umri wake na miaka yake ya kazi, akiondolewa, hupata fao la kukosa ajira la siku mia tatu na thelathini. Akiondoka mwenyewe ni mia moja na hamsini, na kwanza asubiri. Huku kodi ya mkazi imeshafika, imepigiwa hesabu kwa mshahara wa mwaka jana, utadhani bado anaupokea.

Alimwambia karani, "Mwanangu, hilo ni neno la kuagia tu. Hata wewe utaliandika siku yako ikifika." Karani aliona haya, akajibu kwamba anaelewa, ila karatasi ni karatasi. Tangu hapo Bi. Orihara anaogopa hata kufungua sanduku la barua. Tunaogopa sote, Mgeni rasmi, hatufichi.

Tulikata rufaa. Kiwanda kikajibu kwamba hakikumwagiza mtu. Tukaambiwa tulete shahidi, mwisho Ijumaa hii. Shahidi ni mmoja, ndiye huyu anayesoma. Kampuni ile ile yenye kiwanda imemwahidi kazi ya ghala kuanzia mwezi wa kumi, na ana binti chuoni. Mara tatu tumempelekea fomu ya ushahidi, mara tatu amesema kesho.

MAOMBI

Tunaomba mafaili yetu yafunguliwe upya. Tunaomba karani, kabla ya kugonga muhuri, amuulize mtu nani alimwambia aandike hivyo.

La mwisho si lako. Tumemwambia Bwana Muneoka kwamba akifika hapa anaweza kukunja karatasi akaketi, na hakuna atakayemnunia. Binti yake tulimbeba mgongoni alipokuwa mchanga. Mistari inayofuata tuliiacha wazi. Akiendelea kusoma, ni maneno yake, na sisi tunayasikia sasa kama wewe.

Mimi, Noboru Muneoka, niliwaandikia mfano ule kwa agizo la ofisi. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuondoka. Nakala ninayo mfukoni, nitakukabidhi nikishuka hapa. Dada Orihara, nisamehe. Nilijua.

Tunakutakia afya, Mgeni rasmi, wewe na nyumba yako, na mvua hizi zikuache ufike salama.

Ni sisi,
Waliokuwa Zamu ya Asubuhi, Kiwanda cha Vifuniko, Minasawa.