Mwaridi wa Bi Batuli

Kibaraza chetu kiko Takaungu, katika kichochoro cha nyuma ya msikiti, ubavuni mwa nyumba ya Mzee Badawi. Mimi ndiye mwenye mdila wa kahawa, jiko na vikombe. Wao ndio wenye maneno. Kila baada ya sala ya alasiri huja watu wale wale. Haroun tunamwita Meneja kwa sababu aliwahi kufyeka nyasi katika bustani ya hoteli moja kule Kikambala, na mpaka leo anatembea kama hoteli ni yake. Sanga ni mkwezi wa minazi, jina lake Redio, na redio yenyewe haizimiki. Gona ndiye Kamati, maana hata kahawa ikikosa tangawizi yeye ataka tukae kikao. Wa mwisho ni Badawi, mwenye ukuta tunaouegemea, ambaye siku hizi ukimsikia amesema maneno matatu umebahatika. Mkewe Bi Batuli alifariki, Mungu amrehemu, na hitima yake ya mwaka ni Ijumaa hii. Kando ya kibaraza, ndani ya sufuria kuukuu iliyotobolewa chini, kuna mwaridi wake mdogo, kimti kisichofika goti. Leo tulipofika tuliukuta umepukutisha hata jani la mwisho. Badawi alikuwa amechutama mbele yake, anakwaruza shina kwa ukucha.

BADAWI: Umekufa.

MENEJA: Haujafa, umejipumzisha. Hii miwaridi midogo ina deko. Kule hotelini tulikuwa nayo safu nzima, na ikijisikia hivi…

REDIO: Kule hotelini, kule hotelini! Kule hotelini si ndiko ulikofukuzwa kwa kufyeka maua ya watu ukidhani ni magugu?

MENEJA: Sikufukuzwa. Hatukuelewana.

Nikawatilia kahawa ili wanyamaze. Sijui kwa nini bado najaribu dawa hiyo.

BADAWI: Widad anakuja kesho.

Widad ni binti yake, hana mwingine. Ameolewa Faza, na tangu siku ya maziko hajaweza kurudi, mara mtoto mchanga, mara chombo cha kuvuka bahari hakuna.

BADAWI: Alinipigia simu. Akaniambia, "Baba, Ijumaa nitachuma mawaridi ya mama, nimpelekee kaburini pamoja na mrihani." Kitu hicho tu. Tangu kuolewa kwake hajaniomba kitu.

KAMATI: Ukamjibu nini?

BADAWI: Nikamwambia yapo. Yamejaa tele.

KAMATI: Basi tusikae kulia hapa. Mlipokuwa mkibishana nimempigia Kadii, yule mama muuza miche wa Kibarani. Yuko njiani na boda, ana miwaridi midogo ya kila aina. Tutachagua ulio sawasawa na huu, tuutie katika sufuria hii hii, na udongo tuupige maji uonekane wa zamani. Mtoto akifika akute mti wa mamake. Wangapi wanaafiki?

BADAWI: Mnataka nimdanganye mwanangu?

KAMATI: Si kumdanganya. Ni kumsitiri.

Badawi aliitazama ile sufuria kwa namna ambayo mimi, ambaye naudhika haraka na watu, nilimwonea huruma mpaka nikasahau kumdai Redio kikombe chake cha tatu.

MENEJA: Kuchagua niachieni mimi. Mwaridi mdogo haununuliwi kwa macho ya mbele. Unageuza jani unatazama mgongo wake, maana vidudu vyote hukaa huko. Kisha unautoa koponi kidogo uone mizizi. Ikiwa imejisokota kama kamba ya ndoo, mrudishie mwenyewe. Halafu mashina: yatoke chini kabisa, matatu au manne, si moja refu linaloyumba. Na uupeleke penye jua la asubuhi. Jua la mchana la hapa litauunguza.

REDIO: Na huu wa Bi Batuli ulikosa lipi katika hayo? Jua la asubuhi unalo, tundu za maji unazo. Mimi nawaambieni, ni ule mnara wa simu. Nikiwa juu ya mnazi nausikia unavuma. Ukivuma, kichwa chaniuma. Mimi, mwenye fuvu! Sembuse kimti cha waridi?

KAMATI: Mnara uko hapo siku zote, na mwaridi ulikuwa mzima chini yake. Hili ni jicho. Siku za matanga walipita watu wangapi hapa? Kuna mmoja alisimama akautazama muda mrefu, akaguna, wala hakusema mashallah.

MENEJA: Nani?

KAMATI: Simtaji. Lakini anakunywa kahawa hapa.

Wote wakaweka vikombe chini. Mimi nikakaza macho kwenye makaa, kwa sababu nimeshawahi kuona kijiwe kikivunjika kwa neno dogo kuliko hilo.

REDIO: Jicho gani! Ni bahari, jama. Bahari inapita chini kwa chini. Imetokea huko Kilifi, imepita chini ya mashamba ya mkonge, inatafuta njia ya kwenda kusini. Hapa tulipokaa pana maji yanakwenda chini yetu. Ndiyo maana siku hizi nazi zina chumvi.

MENEJA: Nazi zina chumvi?

REDIO: Za upande ule.

MENEJA: Sanga, wewe juu ya mnazi unavuta nini?

BADAWI: Umemfuata.

Alisema polepole, tukamgeukia.

BADAWI: Mnatafuta mnara, mnatafuta bahari. Mti umempenda mwenyewe, umemfuata. Niliyebaki nyuma ni mimi.

MENEJA: Usiseme hivyo, ndugu yangu. Astaghfirullah. Hakuna aliyeutupa mti huu. Sikutaka kusema, mtu akitenda jambo la heri hatangazi, lakini mimi mwenyewe nilikuwa naunywesha. Kila siku nikitoka alasiri, kopo zima, kabla hamjafika.

REDIO: Wewe? Hebu subiri. Mimi ndiye ninayeunywesha. Adhuhuri nikishuka minazini napita hapa, kopo mbili. Nikiona hamna mtu, namwambia na marehemu neno kidogo.

KAMATI: Jamani. Mimi huwa nangoja mtawanyike magharibi. Nafanya kama nafunga kamba za viatu.

BADAWI: Na mimi alfajiri.

Wakatazamana. Nami nikaweka mdila chini, nikawauliza maji yenyewe walikuwa wakiyateka wapi.

MENEJA: Pale kisimani, msikitini. Wapi tena?

Subhanallah! Kisima kile kila mtu wa Takaungu anakijua. Ni cha kutawadhia na kuoshea miguu. Maji yake ukiyachemshia chai, chai yenyewe inakuwa mchuzi. Mimi maji ya kahawa nayanunua kwa mtungi kwa sababu hiyo, na wao wananicheka kuwa najidai. Watu wazima wanne, kila mmoja kwa siri na kwa mapenzi, wameumwagia kimti cha goti maji ya chumvi kutwa kucha, na kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayemkumbuka Bi Batuli. Nikawaambia hivyo hivyo, bila kupunguza neno. Redio alikuwa wa kwanza kuinamisha kichwa.

BADAWI: Pipa.

KAMATI: Pipa gani?

Badawi akanyoosha kidole pembeni mwa nyumba. Chini ya mfereji wa bati kuna pipa la plastiki, limefunikwa sinia, na juu ya sinia pana jiwe. Tumelizoea kama tulivyouzoea ukuta.

BADAWI: Alikuwa akikinga mvua. Kila siku akiniambia, "Mume wangu, pipa langu hilo usiliguse." Nikadhani ni la kufulia nguo nyeupe. Sikuuliza.

Meneja akainuka, akaondoa jiwe, akafunua. Lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, na mvua za mwaka mzima zilikuwa zimepita juu yake bure. Akalifunika tena kwa adabu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu.

Hapo ndipo boda ikaingia kichochoroni na Mama Kadii akashuka na beseni lililofunikwa leso. Kadii si mtu wa kibarazani, wala hajui majina yetu ya kijiweni. Alitua beseni, akajifuta jasho, akamwendea moja kwa moja Badawi, aliyekuwa bado kando ya mwaridi.

KADII: Shikamoo, mzee. Poleni na msiba. Najua umeshapita mwaka, lakini pole haichachi.

BADAWI: Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa.

Akafunua leso. Miwaridi midogo minne, kila mmoja ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, majani yanang'aa, na kila mmoja una vitumba vilivyokaza. Vikuba vya harusi ngapi, yale mashada ya maua wavaayo wanawake nyweleni, vimetoka katika miti kama hiyo, mimi siwezi kuhesabu. Meneja aligeuza jani la mche wa kwanza, akatazama mgongo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akachungulia mizizi. Akahesabu mashina. Kwa mara ya kwanza nilimwona anajua kitu.

MENEJA: Hii mama ameilea. Yote mizima. Tuchukue wowote.

KADII: Wowote hapana, baba. Nimeambiwa mwataka ulio sawa na wa marehemu. Ijumaa vitumba hivi vitakuwa vimefunguka, na kila mmoja una yake. Huu ni mwekundu. Huu mweupe. Huu wa manjano, na ule wa mwisho ni mwekundu wa kufifia, kama ndani ya shavu la mtoto. Sasa niambieni, waridi la marehemu lilikuwa la rangi gani?

Redio alifungua mdomo, kisha akaufunga. Tangu nimjue sijapata kuona jambo hilo.

MENEJA: Lilikuwa… dogo.

KAMATI: Nyekundu, nadhani. Au? Hebu tukumbuke pamoja.

REDIO: Mimi nilikuwa naliona jeupe. Lakini huenda naliona la jirani.

Wakanigeukia mimi, na mimi pia rangi yake sikuwahi kuiona. Bi Batuli alikuwa akichuma alfajiri, waridi lingali limefumba, kabla jua halijaligusa. Akikaa ukumbini akitunga vikuba na asumini. Sisi tukifika alasiri tunaukuta mti majani matupu, tunaegemeza baiskeli kando yake, na tangu afariki haujatoa ua hata moja. Miaka yote hiyo tulikuwa tunakunywa kahawa kando ya mawaridi ambayo hatujayaona. Tukamtazama Badawi, maana yeye alikuwa mume.

BADAWI: Alfajiri mimi niko msikitini. Usiku alikuwa akivaa kikuba nyweleni, na taa tumezima. Mimi nilikuwa naisikia harufu tu.

Akaingia ndani. Tulimsikia akivuta mtoto wa meza. Alipotoka alikuwa ameshika kitu kwa viganja viwili, kikuba kikavu, alichosema alikikuta chini ya mto wa marehemu baada ya maziko. Akakiweka juu ya leso ya Kadii. Vichwa vyote vikainama. Asumini na waridi vilikuwa vimekuwa kitu kimoja, rangi ya machicha ya kahawa yangu.

MENEJA: Ukikitia juani, kama kuna wekundu.

REDIO: Hata nyeupe hukauka hivyo.

KADII: Marehemu hana binti? Mpigieni. Yeye atajua.

Hakusema kwa ubaya. Badawi akatoa kile kisimu chake kidogo, akabonyeza, akakishika mbali kidogo na sikio, nasi tukasikia sauti ya Widad, nyuma yake kelele za watoto.

BADAWI: Widad, mwanangu. Mwaonaje hali? Watoto? Na kikohozi? Alhamdulillahi.

Tulimwona akitafuta pa kuanzia. Tukasikia Widad anauliza, kwa furaha, "Baba, mawaridi yamechanua?"

Badawi akaitazama miche minne, akakitazama kikuba.

BADAWI: Njoo tu, mwanangu. Sina neno. Nilitaka kukusikia.

Akakata simu. Kamati alianza kusema kitu kuhusu kununua yote minne, Kadii akamwashiria anyamaze. Akaifunika miche yake taratibu, akauacha mmoja chini ya ukuta, sikuuliza upi, akaondoka kwa miguu.

Badawi akachukua kopo, lile lile walilokuwa wakichotea wote. Akaenda kwenye pipa, akaondoa jiwe na sinia, akachota maji ya mvua. Akarudi, akachutama, akaanza kuumwagia ule mwaridi uliokufa, kidogo kidogo, mpaka maji yakatokea chini ya sufuria. Hapana aliyemkataza. Nilimtilia kikombe, kikapoa pale pale, nikakimwaga, nikaanza kukusanya vyombo.