Aliyesoma Joto la Mawe ya Kale

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1984, kifungua mimba wa fundi seremala na mshona nguo. Tangu alipoanza kutembea, mawe hayakumpita. Mfuko wa sare yake ya shule ulitoboka kila muhula, na mama yake akawa anashona huku anafoka. Nyumbani tulimwita Kokoto.

Alisoma karibu na nyumbani hadi sekondari, kisha akaenda chuo kikuu na kuhitimu jiolojia mwaka 2008. Baba yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, hivyo joho hakuliona.

Februari 2009 aliajiriwa katika maabara ya miamba. Kazi yake ilikuwa itale, jiwe gumu la madoadoa lililoganda kutoka uji wa moto chini ya ardhi, zamani ambazo hata wadudu hawakuwepo. Alilisaga, akalichekecha, akatafuta punje za zirkoni, madini magumu yasiyochakaa, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Kiasi cha metali ya titani kilichonaswa ndani ya punje kilimwonyesha jiwe liliganda kwenye joto gani.

"Hili ni nyuzi mia saba na ishirini, mama," alisema siku moja.

Mama yake akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Na hapa je?"

"Hapo hapana zirkoni."

Wakacheka. Alikuwa na homa.

Tarehe 20 Agosti 2011 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti mmoja. Jioni mumewe alimkung'uta nguo mlangoni, akimtania: "Leo umeniletea mlima mzima."

Chumba cha kusagia kilikuwa na dirisha moja, na feni ya kufyonza vumbi iliyokufa mwaka 2014. Aliomba itengenezwe, akaomba tena. Mkuu wake akamjibu, "Dada, kazi ya mawe bila vumbi umeiona wapi?" Akaanza kunyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, kama mama yake alivyomfundisha uani. Akaambiwa anawajazia tope.

Kikohozi kilianza mwaka 2019. Mama yake alikisikia kwenye simu kabla mwenyewe hajakikubali. "Ni mafua tu, mama, usianze." Picha ya kifua ilionyesha makovu. Daktari alieleza kuwa ni vumbi la kwatzi, yale madini yanayong'aa kama kioo ndani ya itale. Likishakwama mapafuni halitoki. Alifariki tarehe 3 Juni 2024 alfajiri, akiwa ameketi, maana kulala kulimnyima pumzi.

Ofisi imeleta shada kubwa, pamoja na ombi kwamba hapa iandikwe "aliugua kwa muda mfupi". Mjomba wake, anayewasomea haya, naye alinishauri: "Dada, tuyaache, leo si siku yake." Siku yake ni ipi? Aliugua miaka mitano. Ameuawa na vumbi la chumba kile. Feni tumesikia imetengenezwa juzi.

Ameacha mume, binti wa miaka kumi na mmoja, mama, mjomba na wadogo zake wawili.

Mtakaoshika makoleo, tunaomba udongo umwagiwe maji kwanza. Vumbi alilokula linamtosha. Apumzike, na apumue.