Saruji ya Bwana Mabruki

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasoma maisha ya mzee wetu Hilari Bundala, aliyezaliwa Choma, Igunga, tarehe 12 Machi 1931, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, kisha chuo cha kilimo, ambako alichungulia chembe ya udongo kwa hadubini, akaona vijidudu vya kila umbo vikila, vikizaana na kufa, na tangu siku hiyo hakumheshimu tena mtu aliyeuita udongo uchafu.

Aliajiriwa kuwa bwana shamba mwaka 1956, akafunga ndoa na Josepha hapa Tabora tarehe 6 Juni 1959, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1974, watu walipohamishiwa kijiji kipya karibu na Kaliua, marehemu alisimamia upandaji wa karanga katika shamba la ujamaa, ili ardhi iliyochoshwa na tumbaku ipate nguvu. Mwenyekiti, Bwana Mabruki, mtoto wa mjini aliyezijua karanga zikiwa zimeshakaangwa, aling'oa shina moja, akaona vinundu mizizini, akatangaza kuwa ni minyoo fundo, ule ugonjwa unaomaliza tumbaku, akaamuru shamba zima ling'olewe na kuchomwa. Hilari alipasua kinundu kwa ukucha mbele ya mkutano, ndani kikawa chekundu kama ufizi, akaeleza kuwa humo wanaishi viumbe wanaoilisha ardhi bila kudai ujira, lakini aliitwa mpinga maendeleo, na ninyi mliotoka kijijini kuja kumzika, mliolima karanga tangu utoto, mkainamisha vichwa, karanga zikachomwa. Msimu uliofuata mahindi yalitoka ya njano, yakaishia magotini, tukala mihogo ya kuomba.

"Mabruki," alimwambia hadharani, "katika shamba hili lote, kisicho na uhai ni kichwa chako tu."

Kwa neno hilo alifukuzwa kazi, na kuomba radhi alikataa mpaka mwisho.

Aliugua ini kwa muda mrefu, akafariki juzi, tarehe 3 Oktoba 1978. Tunawashukuru madaktari, majirani wa Gongoni na mabwana shamba wenzake. Bwana Mabruki naye tunamshukuru kwa saruji aliyoileta jana, akitaka kaburi lizibwe chini na juu, marehemu asiliwe na wadudu, maana miaka minne haikutosha kumfundisha kitu. Mifuko iko pale mlangoni, aichukue akitoka. Hilari aliomba sanda na udongo mtupu, kwa kuwa humo ana wenyeji wengi wanaomsubiri.

Pumzika kati yao kwa amani, mzee wetu.