Askari wa Damu ya Mtoni

Lori la Garissa lilikwama na kukwamuka katika tope la mvua za mwaka wa tisini na saba. Barni wa Hulugho, kusiko na mto, bintiye akichemka homa mapajani, alimwonea kijicho Amino, aliyepandia Masalani na mvulana anayetafuna biskuti.

"Wako haugui?"

"Ana malaria pia, wallahi. Lakini mbu wa mto Tana wamemuuma tangu azaliwe. Daktari anasema askari wa damu yake wanaijua malaria. Wa binti yako bado hawamjui adui."

"Basi mnyonyeshe wangu, abaayo, dada yangu, umgawie askari."

"Sijui kama hupita kwenye maziwa. Na wakinyonya pamoja ni ndugu, hawataoana."

"Nani amekuomba mkwe?"

Amino alikuwa bado anautazama ule mdomo mdogo mkavu wa binti wa Barni lori liliposimama hospitalini Garissa.