Kibati cha Feni ya Sange

Mwaka mmoja baada ya Uhuru, Firmin fundi alipanda kamyo ya Bukavu pale Sange, amepakata bawa la chuma lililovunjika. Aliyekaa kando yake, Placide, aliyefunga tai katika vumbi lote lile, akauliza, "Papa, iyo chuma iko ya nini?"

"Ya feni ya kukausha mpunga. Duka la Bukavu linataka numero: upana, nguvu ya mota, mizunguko kwa dakika. Minye niko na bawa tu, na mpunga wa watu unaota ndani ya magunia."

Vitabu vya mashine Wabelgiji walikuwa wameondoka navyo, kwa upendo wao ule tunaoujua.

"Mashine haina kibati cha numero?"

"Watu wa siasa walikingʼoa siku ya Uhuru."

Placide akavimba kifua. "Watu gani? Ni minye peke yangu! Kilikuwa na jina la Mzungu. Nilikingʼoa na patasi, wamama wakapiga vigelegele!"

"Aksanti, mukombozi," Firmin akasema. "Tangu siku ile mpunga wetu uko huru, unaoza vile unapenda. Kibati kiko wapi?"

"Kwangu, ukutani mwa saloni, pale tunakula. Wageni wote wanakipigia makofi."

"Basi unakiona kila siku! Nitajie upana tu, ndugu yangu."

Kamyo ikasimama Luberizi. Placide akashuka, akanyoosha tai.

"Sijui. Nilikigeuza, maandishi yaangalie ukuta. Weye ungekula chakula na jina la Mzungu linakutazama?"